Mama Kesho Anastaafu: Miaka Thelathini na Tatu ya Kusoma Jua Migongoni

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nitalisema kwanza kabla ujasiri haujaniishia. Siku ya mashindano ya michezo shuleni kwetu, mwezi wa Machi mwaka jana, nilijipaka losheni ya kuzuia jua. Nilijipaka kwa kipimo, tena mara mbili. Nyumbani nilisema nilisahau. Nilidanganya, na aliyeubeba uongo wangu ni mwenye wasifu huu.

Mpimaji Mkuu wa maabara ya vipodozi anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kutumikia miaka thelathini na tatu na miezi minne. Ninyi wafanyakazi wenzake mnamwita Mama Kesho. Mimi namwita Bibi, kwa sababu ndiye aliyemzaa mama yangu, na tunaishi naye nyumba moja. Niko kidato cha tatu. Kwa kawaida wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake, lakini karani wa utawala alipiga simu nyumbani akasema wenzake wote walioombwa wana udhuru. Mmoja jino linamuuma. Mwingine yuko likizo, ingawa Jumanne nilimwona getini kwenu akila karanga. Wa tatu alisema yeye kuandika hajui, na huyo ndiye anayeandika ripoti zenu za kila mwezi.

"Andika wewe, mwanangu, nasikia una maneno mazuri," karani aliniambia. "Kurasa mbili tatu. Vichekesho viwili. Mambo ya kikazi usiyaguse sana."

Nimejaribu kumtii. Nimeshindwa, kwa sababu ukitoa mambo ya kikazi kwa Bibi kinachobaki ni kanga zake na redio.

Bibi aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na saba, kazi ya kuosha vyombo vya kioo. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa anapima, na ndani ya miaka minane alikuwa anawafundisha wengine kupima. Chumba chake kilikuwa cha mwisho upande wa kushoto: kitanda cha kulalia kifudifudi, pazia la kijani, mizani ndani ya sanduku la kioo ili pumzi ya mtu isiisumbue, na taa inayotoa mwanga kama wa jua kali. Humo ndani watu kumi wa kujitolea waliingia mmoja mmoja na kuvua shati.

Kwa wale wasiojua, kazi yenyewe ni hii. Kwanza ngozi tupu ya mgongoni hupigwa taa kidogo kidogo ili ijulikane inaanza kuwa nyekundu kwa mwanga kiasi gani. Kisha sehemu nyingine ya mgongo huchorewa mstatili kwa kalamu na kupakwa losheni, miligramu mbili kwa kila sentimita ya mraba, si zaidi, si pungufu, kwa kidole kilichovikwa mpira. Taa huipiga sehemu hiyo kupitia madirisha sita madogo, kila moja likiwa na mwanga mkali kuliko lililotangulia. Kama ngozi iliyopakwa imevumilia mwanga mara thelathini ya ule unaoiunguza ngozi tupu, losheni hiyo ni namba thelathini. Ikivumilia mara hamsini, ni hamsini. Hiyo ndiyo namba mnayoiona kwenye chupa.

Lakini wekundu hauji mara moja. Ngozi hukasirika polepole. Ukiisoma jioni ileile utaikuta imetulia kama haijaguswa, na kesho yake asubuhi ni nyekundu kama pilipili. Ndiyo maana sheria inasema isomwe kati ya saa ya kumi na sita na ya ishirini na nne baada ya taa. Wenye viwanda walikuwa wanakuja mchana wanauliza majibu, na Bibi, bila kuinua kichwa, alikuwa anajibu neno moja: "Kesho." Waziri mmoja aliwahi kumpigia simu akajibiwa hivyohivyo. Jina likaganda.

Vichekesho viwili nilivyoombwa ni hivi. Cha kwanza: fundi seremala mmoja wa kujitolea alilala usingizi chini ya taa akakoroma mpaka mizani ikatikisika. Bibi hakumwamsha. Alisubiri akiwa ameshika bomba la losheni, na kila alipotaka kupima, seremala anavuta pumzi, namba zinaruka. Mwishowe alimziba pua kwa vidole viwili, akapima, akamwachia. Yule bwana aliamka akasema ameota anazama.

Cha pili: harusi ya mdogo wake ilikuwa Jumamosi, na Ijumaa mchana alikuwa amewapiga watu taa. Jumamosi saa tatu asubuhi, dada wa bibi harusi hakuonekana. Alitokea saa tano akiwa amevaa gauni la sherehe na kalamu sikioni. Katika picha zote za familia kalamu ipo. Mdogo wake hadi leo akiitazama picha ile husema, "Dada, angalau ungeivua." Na Bibi hujibu, "Migongo ilikuwa inasubiri."

Basi, vichekesho vimekwisha.

Mimi nina ualbino. Kwangu namba ya kwenye chupa si urembo. Bibi alinifundisha kujipaka kabla hajanifundisha kusoma: kijiko kimoja cha chai kwa uso na shingo, kimoja kwa kila mkono, subiri dakika ishirini ndipo utoke, rudia baada ya saa mbili. Watu wengi hupaka nusu ya hapo, robo ya hapo, kisha wanashangaa. Mimi sijawahi kupaka nusu. Nimekua na kijiko mfukoni, na wanafunzi wenzangu wamenicheka vya kutosha. "Huyo na uji wake!" husema. Nimezoea.

Mwaka jana shule yetu ilipewa losheni ya msaada, mirija ya bluu, namba hamsini, cheti cha maabara yenu kimechapishwa mgongoni mwa boksi. Chini ya cheti paliandikwa "Imethibitishwa na Mpimaji Mkuu". Nilijivuna sana. Niliwaonyesha wenzangu: mnaona, huyo ni bibi yangu. Siku ya michezo nilipewa kazi ya kuandika umbali wa kuruka chini, kwa sababu mimi si wa kukimbia, ni wa kuandika. Nilijipaka saa tatu na nusu. Nikarudia saa tano na nusu. Saa sita na nusu masikio yalikuwa yanawaka, na usiku mabega yalitoa malengelenge, shingo haikugeuka kwa siku tisa.

Bibi alikaa pembeni ya kitanda na bakuli la maji na kitambaa. "Ulijipaka?" aliniuliza.

Nikafikiri: nikisema ndiyo, nimesema cheti chake ni cha uongo. Nikasema, "Nilisahau, Bibi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikamua kitambaa akasema, "Mtu akisahau, anasema amesahau. Vizuri." Alinisifu kwa ukweli ambao haukuwa ukweli.

Mwezi wa Mei aliniuliza tena, mara moja tu, huku akinitazama usoni: "Ile losheni ya shule, ya mrija wa bluu, una hakika hukuipaka siku ile?" Nikasema nina hakika. Baada ya hapo alihamishwa kutoka chumba cha mwisho upande wa kushoto akapelekwa stoo kuhesabu chupa tupu, na huko ndiko alikomalizia miezi kumi na nne ya mwisho ya utumishi wake. Nyumbani hakusema kwa nini. Siri za maabara hakuwahi kuzileta mezani. Nilidhani ni uzee.

Wiki iliyopita, ili nipate tarehe za wasifu huu, Mama alinipa madaftari ya kazi ya Bibi. Bibi mwenyewe aliruhusu, akasema, "Achukue tarehe tu." Nilianza na tarehe. Kisha nikafika Februari ya mwaka jana, na hapo ndipo nilipojua kuwa mimi ni mjinga na baadhi yenu ni waoga.

Nayanakili kama yalivyo, kwa sababu mwandiko wake hauna hasira na mimi ninayo.

Alhamisi. Sampuli namba 41, inadaiwa hamsini. Ngozi tupu imepigwa taa jana na kusomwa leo. Ngozi yenye losheni imepigwa taa leo saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri Mkuu wa Maabara amekuja, amesema kiwanda kinataka cheti kesho mchana, tusome sasa. Nimesema ni saa ya sita, haisomeki. Amesoma mwenyewe. Amepata hamsini na mbili. Mimi sijasaini.

Ijumaa. Nimewaita wote kumi waje saa mbili asubuhi, saa ya ishirini na tatu. Madirisha yote sita mekundu, migongo yote kumi, hata dirisha la kwanza. Losheni haifiki thelathini. Msaidizi wangu ameona. Hakusaini usomaji huu. Ana watoto wawili. Barua imepelekwa kwa Mkuu saa tatu. Cheti kimetoka saa sita.

Someni tena saa hizo. Barua saa tatu, cheti saa sita. Kwa saa tatu nzima Mkuu wa Maabara alikuwa na karatasi inayosema losheni hii itaunguza watu, akaiweka kwenye droo, akagonga muhuri, na kwenye muhuri akaweka cheo cha mtu aliyekataa. Sampuli hufika maabara bila jina, namba tu, ili mpimaji asimpendelee mtu. Kwa hiyo Bibi hakujua arobaini na moja ni losheni ipi. Mrija ulikuwa kwenye begi langu, meza moja na yeye, na hakujua.

Wazazi wa shule nyingine tatu walipolalamika, kikaundwa kikao cha uchunguzi, na hapo ndipo Bibi alipojua kwamba arobaini na moja ndiyo losheni ya mrija wa bluu. Nakala ya taarifa yake imebanwa kwenye daftari kwa pini. Wekundu wa migongo ulikuwa umekwisha kufutika kitambo, kwa hiyo lilibaki neno la Bibi na neno la Mkuu. Msaidizi alisema hakumbuki. Hakumbuki migongo kumi! Mtu yuleyule anayekumbuka mabao yote ya timu yake tangu akiwa darasa la nne, kwa sababu alipokuwa akija kwetu kunywa chai alikuwa anatuhesabia. Mkuu alisema, na imeandikwa: "Mama yetu macho yamechoka. Siku hizi anaona wekundu kila mahali." Imeandikwa pia kwamba wajumbe walicheka.

Ndipo wakamuuliza Bibi kama anamjua mtu yeyote aliyepaka losheni hiyo akaungua. Na Bibi, ambaye alikuwa amenikamulia kitambaa usiku mbili mfululizo, alijibu: "Mjukuu wangu aliungua, lakini anasema hakujipaka. Simhesabu."

Simhesabu. Angeweza kunihesabu. Mtu mwingine yeyote pale mezani angenihesabu. Wakaandika hitimisho: hata mjukuu wa mpimaji alikiri kutojipaka, kwa hiyo tatizo ni watumiaji, si bidhaa, usomaji wa saa ya ishirini na tatu ni kosa la mpimaji. Barua ya kosa hilo ipo kwenye faili lake. Inastaafu naye.

Sasa mnaelewa kwa nini wote mna udhuru. Mnajua. Mliopo chumba cha mizani mnajua, na mliopo ofisini mnajua, mmevaa miwani ya mbao mwaka na robo, na sasa mmemchangia keki. Karani ameniambia itaandikwa "Asante Mama Kesho" kwa rangi ya waridi. Mtamwita Mama Kesho mbele ya watu huku mkijua ni hiyo kesho ndiyo iliyompeleka stoo. Simwonei msaidizi huruma kwa sababu ya watoto wake wawili. Na mimi ni mtoto. Wale wa shule tatu nao ni watoto. Mirija ya bluu bado ipo dukani, nimeiona jana, rafu ya pili, namba hamsini.

Na siwezi kuwakasirikia ninyi nikajiacha. Msaidizi alinyamaza mara moja, mimi nilidanganya mara mbili. Nilifikiri ninalinda jina lake. Kumbe jina lake lilikuwa linalindwa na yeye mwenyewe, na mimi ndiye niliyewapa waliotaka kulichafua kitu cha kushika.

Mafanikio yake, maana wasifu lazima uwe nayo: amepima sampuli elfu mbili mia moja na sita. Amezikataa mia nne na tisini. Ameandika mwongozo wa kupaka kwa mkono ambao bado umebandikwa ukutani kwenu. Amefundisha wapimaji kumi na mmoja, akiwemo Mkuu wa Maabara, ambaye katika daftari la mwaka wake wa kwanza Bibi aliandika: "Kijana hodari. Hana subira. Atajifunza."

Tunamshukuru. Nasema "tunamshukuru" kwa niaba ya watu ambao hawamjui: waliotembea juani wakarudi nyumbani na ngozi yao, bila hata kufikiri kwamba kuna mtu aliyekataa kitu kwa ajili yao. Bibi, upumzike vizuri. Uamke saa unayotaka, unywe chai ikiwa moto, uende harusini bila kalamu. Afya iwe nawe, na macho yako, ambayo hayajachoka hata kidogo, yaendelee kuona kila kilicho chekundu.

Niliandika mpaka hapo Jumapili alasiri, kisha nikaenda jikoni alikokuwa anachambua mchele, nikamwambia. Nilitegemea alie au anifukuze. Alisukuma sinia kando.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Kijiko kimoja uso na shingo. Masikio pia. Kimoja kila mkono, na kimoja mabegani."

"Ulisubiri?"

"Dakika ishirini. Nilitazama saa ya ukutani."

"Ulirudia saa ngapi?"

"Tano na nusu."

"Jasho?"

"Nilikuwa nimekaa, Bibi. Nilikuwa naandika."

Alijifuta mikono kwa kanga. Kisha akasema, "Mwaka mzima na zaidi, mjukuu wangu, nimekaa stoo nikijiuliza kama kweli macho yangu ni mabovu." Sauti yake ilikuwa ya chini na ilikuwa na hasira, na hasira ile niliistahili. Sikujitetea. Nilisema nisamehe. Alisema, "Nitakusamehe. Si leo." Akairudia sinia yake.

Jumatatu sikwenda shule. Mama aliomba ruhusa kazini na tukaenda, sisi watatu, kwenye ofisi inayopokea malalamiko ya bidhaa. Bibi alikataa kuingia ndani. Alisema jambo linamhusu, asionekane ananielekeza, akakaa kwenye benchi la nje. Dirishani tulipewa fomu ya kurasa nne. Niliijaza mwenyewe: jina la losheni, namba ya toleo, tarehe, saa, kiasi, hali ya hewa, sehemu zilizoungua. Niliambatisha cheti cha zahanati na picha za mabega yangu alizonipiga Mama wakati ule. Ukurasa wa tatu kulikuwa na swali kama bidhaa ilitumika kwa kufuata maelekezo. Niliandika ndiyo. Chini yake kulikuwa na nafasi ya maelezo ya ziada, nikaandika kwamba mara mbili nilisema sikuitumia, kwamba nilisema uongo, na sababu yake. Mama alisaini kama mzazi. Karani wa dirishani alisoma kurasa zote nne akiwa amesimama, akagonga muhuri, akatukabidhi nakala. Niliipeleka nje nikampa Bibi. Aliisoma tangu juu mpaka chini, akaomba kalamu, akanionyesha mahali nilipoacha kuandika dakika za kusubiri. Nilirudi ndani nikazijaza.